Kurudi Venice mara ya pili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoniuliza maswali haya walishafika Venice mara moja. Walitoka Milan au Roma na treni ya alfajiri, wakasukumana hadi San Marco, wakala kipande cha pitsa wamesimama, na jioni wakarudi stesheni miguu inawaka moto. Sasa wanataka kurudi. Mimi nimekwenda mara nne, na ile ya kwanza ilikuwa hivyohivyo. Bei nilizoweka hapa zina mazoea ya kupanda, kwa hiyo zichukulie kama kipimo na uhakiki kabla ya kulipa.

## Kabla ya kukata tiketi

Nilishaiona. Kuna nini cha kurudia?

Ulichokiona ni njia moja: stesheni, daraja la Rialto, uwanja wa San Marco, basi. Njia hiyo imewekewa vibao vya manjano na kila mgeni anaifuata kama siafu. Mji wenyewe una visiwa vidogo 118 na madaraja zaidi ya 400. Hebu hesabu uliyavuka mangapi.

Tena uliuona saa mbaya. Wageni wa siku moja huingia kuanzia saa tatu asubuhi na huanza kuondoka saa kumi jioni. Kabla na baada ya hapo mji ni mwingine. Saa moja asubuhi utakuta mashua za mizigo zimefungwa pembeni mwa mfereji, moja imejaa mashuka ya hoteli, nyingine katoni za maji, na kijana anashusha vitu kwa kikreni kidogo huku akizozana na mwenzake aliyemzibia njia. Watoto wanapanda boti kwenda shule. Bibi anatoka na kikapu cha magurudumu, akifika darajani anakigeuza na kukivuta kinyumenyume, ngazi moja moja. Mwaka 1951 mji huu wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Tangu 2022 wako chini ya 50,000. Kuwaona hao waliobaki wakifanya shughuli zao, kwangu mimi, ndiyo sababu ya kurudi. Na kwa hilo lazima ulale mjini (tazama swali la Mestre, mji wa upande wa bara, hapo chini).

Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu atazielewa njia zake upesi kuliko mgeni mwingine: vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuze bega, na njia inayoishia mlangoni kwa watu bila kukuomba radhi.

Niende mwezi gani?

Mara ya kwanza wengi hwenda Julai au Agosti kwa sababu ya likizo, wakakuta joto, mbu na foleni. Carnevale, sherehe za wiki zile kabla ya Kwaresima, inapendeza kwenye picha lakini bei ya vyumba hupaa na huwezi kutembea. Januari baada ya sikukuu ni baridi kali na ukungu, ila vyumba ni rahisi na makumbusho yako wazi bila watu.

Chaguo langu ni nusu ya pili ya Novemba, na nitakuambia kwa nini. Tarehe 21 Novemba ni sikukuu ya Madonna della Salute. Tauni ya 1630 na 1631 iliua watu wengi mno, na serikali ya Jamhuri ya Venice iliweka nadhiri ya kujenga kanisa janga likiisha. Ndilo lile kubwa la kuba jeupe mwanzoni mwa Mfereji Mkuu. Kila mwaka hutandikwa daraja la muda juu ya mfereji, na wenyeji, wenye imani na wasio nayo, huvuka kwenda kuwasha mshumaa. Siku hiyo huliwa castradina, mchuzi wa nyama ya kondoo iliyotiwa chumvi na kukaushwa, uliopikwa na kabichi. Una harufu ya moshi na haujui kujipamba. Bei ya Novemba ni jua kuzama mapema, kama saa kumi na nusu jioni, na uwezekano wa maji kupanda (swali la bamvua lina maelezo).

Nikae siku ngapi?

Hesabu usiku, siyo siku. Usiku 3 ndio mwanzo, 4 ni vizuri zaidi ukitaka visiwa.

Biennale ni nini, na nilenge au nikwepe?

Ni maonyesho makubwa yanayofanyika kuanzia majira ya machipuko hadi Novemba, hasa katika bustani za Giardini na ndani ya Arsenale, kiwanda cha kale cha kuunda meli. Miaka yenye tarakimu shufwa, kama 2024 na 2026, ni ya sanaa. Witiri ni ya usanifu majengo. Uganda ilikuwa na banda kwa mara ya kwanza 2022 na Tanzania 2024. Usije wiki ya ufunguzi labda kama umealikwa. Ukija vuli utaona yote, na mabanda mengi ya nchi yaliyotawanyika mjini huingii kwa kulipa. Humo ndimo unapopata kuona ndani ya majumba ambayo mwaka mzima hufungwa.

## Viza, mpaka na ada ya mji

Nilishapata viza ya Schengen. Naanza upya?

Ndiyo, maombi mapya na ada mpya: euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Ila hauko sawa na anayeomba mara ya kwanza. Alama zako za vidole hutunzwa kwa miezi 59, kwa hiyo ukiwa ndani ya muda huo kwa kawaida hazichukuliwi tena. Na sheria ya viza iliyoanza kutumika 2020 inampa faida msafiri mwaminifu: ukiwa umepata na kutumia viza tatu kihalali ndani ya miaka 2 iliyopita, unaweza kupewa ya kuingia mara nyingi kwa mwaka 1, ukiitumia hiyo vizuri, inayofuata huwa ya miaka 2, kisha 5. Siyo haki unayoweza kuidai kwa kugonga meza, lakini ambatisha nakala za viza zote za zamani hata kama pasipoti yake imekwisha.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15. Siku 15 hizo zisahau. Miadi ya kupeleka karatasi peke yake inaweza kula wiki kadhaa. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000.

Naingilia Ufaransa lakini Venice ndiko nitakakokaa zaidi. Niombe wapi?

Kwa Waitalia. Kanuni ni nchi utakayokaa siku nyingi zaidi; siku zikilingana ndipo inaangaliwa nchi ya kuingilia.

Mbona safari hii hawakunigongea muhuri?

Tangu 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imekuwa ikihamia kwenye mfumo wa kielektroniki unaosajili uso na alama za vidole badala ya muhuri. Kompyuta ndiyo inayokuhesabia siku zako 90 unazoruhusiwa ndani ya kila siku 180, na haisahau. Tunza kadi ya kupandia ndege hata hivyo.

Nasikia sasa unalipia kuingia mjini. Ni kweli?

Ni kweli kwa siku fulani tu. Utaratibu ulianza 25 Aprili 2024 na unahusu siku zilizotangazwa za machipuko na mwanzo wa kiangazi, hasa mwisho wa wiki, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni. Kwa kanuni za 2025, ukilipa mapema ni euro 5. Ukichelewa hadi siku tatu za mwisho ni 10. Watoto chini ya miaka 14 hawalipi.

Anayelala ndani ya manispaa ya Venice pia halipi, na Mestre imo ndani ya manispaa. Lakini, na hapa ndipo watu wanaponaswa, kutolipa hakumaanishi kutojisajili. Inakubidi uingie kwenye tovuti ya manispaa na kuchukua msimbo wa msamaha. Ukilala Padova, mji jirani ulio nje ya manispaa, unalipa kama mgeni wa siku moja.

## Kulala

Venice yenyewe au Mestre?

Mestre ni upande wa bara, treni inachukua kama dakika 10 hadi 12 na chumba mara nyingi ni nafuu sana. Mara ya kwanza ningekuelewa. Mara ya pili hapana. Ukilala Mestre utaanza kuangalia saa ikifika saa tatu usiku, na saa tatu usiku ndipo mji unapokuwa wako.

Kama fedha ni suala, punguza usiku mmoja uhamie ndani. Tafuta Cannaregio upande wa kaskazini, Castello mbali na San Marco, au kisiwa cha Giudecca ambacho kina vyumba vyenye bei ya kibinadamu na mandhari ya mji wote mbele yako. Kabla ya kulipa, uliza jambo moja: kutoka kituo cha boti hadi mlangoni ni madaraja mangapi? Umbali kwa mita hauna maana. Mita 300 zenye madaraja matatu ukiwa na sanduku la kilo 23 ni safari.

Anwani yangu imeandikwa "Castello" na namba tu. Ndiyo wapi?

Hapo umeambiwa karibu na bure. Mji umegawanyika katika mitaa sita (San Marco, Castello, Cannaregio, San Polo, Santa Croce na Dorsoduro) na namba za nyumba hufuata mtaa mzima, siyo njia. Castello inapita 6,000. Namba mbili zinazofuatana zinaweza kuwa pande mbili za mfereji.

Safari yangu ya pili mwenye nyumba alinitumia namba hiyo na neno "rahisi". Nilifika saa nne usiku, mvua inanyesha, ramani ya simu ikinizungusha kwa sababu kuta ndefu zinaipoteza. Nilivuka daraja lilelile mara tatu. Mzee aliyekuwa akifunga kibanda chake aliitazama ile namba, akacheka, akauliza: jina la calle? Sikuwa nalo. Tangu siku hiyo nadai vitu vitatu: jina la njia, kituo cha boti kilicho karibu, na picha ya mlango.

Maneno machache yatakusaidia. Calle ni kichochoro, campo ni uwanja wa mtaa, fondamenta ni njia kandokando ya mfereji, rio ni mfereji mdogo, rio terà ni mfereji uliofukiwa ukawa barabara, sotoportego ni njia inayopita chini ya nyumba. Piazza iko moja tu, ya San Marco.

Wamenidai hela nyingine taslimu nilipofika. Ni wizi?

Yawezekana ni kodi ya malazi ya manispaa. Hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, mwisho usiku 5, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni. Omba risiti.

## Kutembea na kuvuka

Ninunue tiketi gani ya vaporetto, zile boti za abiria?

Tiketi moja ya dakika 75 ni euro 9.50, hivyo safari tatu tu zinaipita pasi ya saa 24 (euro 25). Pasi ya saa 72 ni 45 na ya siku 7 ni 65. Kama umelala katikati na unatembea sana, pengine pasi ya saa 24 inatosha: itumie siku ya visiwa. Igongeshe kwenye mashine kila unapopanda, hata kama ilishaanza kuhesabu. Wakaguzi hawasikilizi hadithi. Pasi hizi hazifanyi kazi kwenye boti za Alilaguna za uwanja wa ndege, na basi la uwanjani lina nauli yake.

Boti namba 1 inasimama kila kituo cha Mfereji Mkuu. Ipande usiku, kaa mbele nje kama kuna nafasi, nenda nayo kutoka Piazzale Roma hadi San Marco. Taa za majumba zinawaka, dari zilizochorwa zinaonekana madirishani, na abiria nusu wamesinzia wakitoka kazini.

Gondola bado ni ghali?

Bei rasmi ni euro 90 kwa dakika 30 mchana na 110 kuanzia saa moja usiku, kwa chombo kizima na si kwa kichwa. Abiria mwisho watano. Ukitaka kuonja tu, kuna traghetto: gondola kubwa isiyo na mapambo inayovusha watu Mfereji Mkuu mahali pasipo na daraja. Mgeni analipa euro 2. Wenyeji husimama, wewe kaa kama hukuzoea ngalawa.

Mama yangu magoti yanamsumbua. Ataweza?

Ataweza, ukipanga kwa maji na siyo kwa miguu. Karibu kila daraja lina ngazi, lakini vaporetto inapandwa bila shida, na wafanyakazi wake humshika mkono mtu mzima bila kuombwa. Chagua malazi yaliyo upande mmoja na kituo, bila daraja katikati. Manispaa hutoa ramani ya sehemu zinazofikika bila ngazi. Kwa kupanda juu, achana na mnara wa San Marco. Mvushe hadi kisiwa cha San Giorgio Maggiore, mnara wake una lifti, foleni ni fupi, na kutoka pale San Marco yenyewe inaonekana yote.

Bamvua: nikikuta maji yamepanda je?

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa bamvua. Acqua alta ni hiyo, ikiongezewa upepo wa sirocco unaosukuma maji ya bahari ya Adria kuelekea kwenye lagoni (maji ya ndani yanayouzunguka mji), kati ya Oktoba na Januari zaidi. Huja na kuondoka kwa saa chache kama kujaa na kupwa kokote. Rekodi ni sentimita 194, tarehe 4 Novemba 1966. Ya pili ni 187, tarehe 12 Novemba 2019.

Namba hizo zinawatisha watu bure. Hupimwa kutoka alama ya zamani ya usawa wa maji, siyo kutoka ardhini unaposimama, kwa hiyo sentimita 110 haimaanishi maji ya kifuani. Na tangu 3 Oktoba 2020 kuna MOSE: milango 78 ya chuma iliyolala chini ya bahari kwenye milango mitatu ya lagoni, Lido, Malamocco na Chioggia. Ikitabiriwa kama 110 au zaidi, hujazwa hewa, ikainuka na kuizuia bahari.

Uwanja wa San Marco uko chini kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo maji yanaweza kuulowesha siku ambayo milango haijainuliwa. Utaona meza ndefu za mbao zimepangwa watu wapite juu. Kaa kulia, usisimame kupiga picha katikati. Viatu vya plastiki vinavyouzwa barabarani hupasuka. Buti za mpira kutoka duka la vifaa ndizo dawa. Au kaa ndani saa mbili unywe kahawa, maji yatapwa.

## Nini cha kuona safari hii

Jumba la Doge, mtawala wa zamani wa Venice, nilishaingia. Nirudi?

Rudi kwa sababu ya kile ulichokiruka. Tiketi ileile inajumuisha Museo Correr na vyumba vya maktaba ya Marciana ng'ambo ya uwanja, na watu wengi huitupa kwa uchovu. Maktaba hiyo ndiyo inayomiliki ramani ya dunia ya Fra Mauro, mtawa aliyeichora yapata 1450 kwenye kisiwa cha San Michele, ambacho leo ni makaburi. Waulize walinzi iko chumba gani. Ni duara la karibu mita 2, na kusini kuko juu, hivyo mara ya kwanza huoni kitu. Geuza kichwa. Afrika inatokea, pwani yetu ikiwa na jina Xengibar, na bahari imezunguka kusini mwa bara zima. Vasco da Gama alikuwa bado hajazaliwa.

Kuna uhusiano wowote wa kweli na Afrika Mashariki, au ni maneno ya watalii?

Upo, na uko Murano. Watengenezaji kioo walihamishiwa kisiwa hicho 1291, kwa hofu ya tanuri zao kuunguza mji. Wengi wakienda Murano huonyeshwa farasi wa kioo akipulizwa kwa dakika tano kisha husukumwa dukani. Wewe pitiliza, nenda Museo del Vetro, makumbusho ya kioo, uangalie ushanga.

Katika karne ya 19 ushanga wa Venice ulishushwa Zanzibar kwa wingi na kubebwa na misafara kwenda bara, ukitumika kama fedha. Samesame, ule mwekundu, bibi zetu waliujua kwa jina. Kila nchi ya bara ilikuwa na rangi yake, na rangi ilibadilika kama mitindo. Mfanyabiashara aliyebeba rangi iliyopitwa na wakati alikwama na mizigo yake huko ndani. Na upande wa Venice, waliotunga chembe hizo kwenye nyuzi walikuwa wanawake wa mitaani kama Castello, wakiitwa impiraresse, wamekaa mlangoni na trei ya mbao mapajani na shada la sindano mkononi. Mkono mmoja ulitunga, mwingine ukalipwa nao kwa kubeba pembe za ndovu. Sijapata mwongozaji wa Murano aliyenieleza hilo.

Halafu nenda makumbusho ya Gallerie dell'Accademia, utafute mchoro wa Carpaccio, mchoraji wa Venice, wa miaka ya 1490 wenye muujiza wa Msalaba pale Rialto. Daraja bado ni la mbao. Hili la mawe lilikamilika 1591. Shuka kwa macho hadi kwenye maji. Mmoja wa waendesha gondola walio mbele kabisa ni Mwafrika, kofia kichwani, amejiinamia kwenye kasia. Wapo Waafrika waliofanya kazi hiyo Venice ya wakati ule, watumwa na walioachwa huru.

Visiwa: Burano au Torcello?

Burano ni nyumba za rangi na kamera elfu. Torcello ni vituo vya mbele kidogo tu, na kabla Venice haijawa Venice, huko ndiko kulikokuwa na mji. Kanisa lake kuu lilianzishwa 639. Ukuta mzima wa nyuma ni mozaiki ya siku ya kiyama. Nje ni kuku, nyasi na kimya. Boti namba 12 kutoka Fondamente Nove inafika kote. Anza mapema na Torcello.

## Kula

Nile wapi bila kuchunwa?

Kahawa inywe umesimama kaunta. Ukikaa, bei ni nyingine. Coperto kwenye bili ni ada ya meza, halali ikiwa imeandikwa kwenye menyu. Hatari kubwa ni samaki. Ukiona bei imeandikwa "all'etto", hiyo ni ya gramu 100. Samaki wa euro 8 kumbe ni wa kilo moja, na bili inasoma 80. Mwambie apimwe kwanza, uambiwe jumla.

Chakula cha mchana kula kwenye bacaro, vibaa vidogo vyenye cicchetti kaunta: vipande vya mkate na baccalà mantecato (samaki mkavu aliyepondwa na mafuta hadi akawa kama krimu), au sarde in saor, dagaa wakubwa waliolazwa kwenye vitunguu na siki, zabibu kavu juu yake. Soko la samaki la Rialto ni asubuhi, Jumanne hadi Jumamosi.

Mimi ni Mwislamu. Nitapata shida?

Kidogo. Samaki ni wengi, lakini wali wa risotto mara nyingi hutiwa divai, na hata vyakula vya samaki. Uliza "C'è vino? C'è maiale?" Migahawa ya halali na misikiti utaipata kwa urahisi Mestre, ambako kuna jamii kubwa ya Wabangladeshi. Ndani ya mji wa kale, pita Fondaco dei Turchi kwenye Mfereji Mkuu: kuanzia 1621 hadi 1838 wafanyabiashara wa dola ya Uthmaniyya walilala, waliweka bidhaa na kuswali humo. Sasa ni makumbusho ya viumbe.

## Hali za pembeni

Tuko kwaya ya watu 40. Tutaruhusiwa?

Siyo kwa mkupuo. Tangu 2024 kundi linaloongozwa haliruhusiwi kuzidi watu 25, na vipaza sauti ni marufuku. Jigaweni mara mbili. Kwa misa au sala ndani ya San Marco hamlipi. Mlango ni wa upande wa kaskazini, mwambieni mlinzi mmekuja kusali na mfunike mabega na magoti. Mkitoka tazameni mozaiki za nje: mwili wa Mtakatifu Marko unatolewa kwa siri Aleksandria mwaka 828, na kwa masimulizi yao, ulifunikwa nyama ya nguruwe ili maafisa wa forodha Waislamu wasiuguse. Wanalisimulia jambo hilo kwa fahari kabisa.

Rafiki kaniagiza mkoba wa chapa kubwa, barabarani ni euro 30.

Mwache. Sheria ya Italia inamtoza faini mnunuzi wa bidhaa bandia, euro 300 hadi 7,000.

Nina saa sita tu kati ya treni mbili. Nisishuke?

Shuka, ila kwenye stesheni ya Santa Lucia, siyo Venezia Mestre. Weka mizigo stesheni na usiende San Marco. Toka, kata kushoto, ingia Cannaregio hadi Ghetto, mtaa ambao Wayahudi walilazimishwa kuishi tangu 1516 na ulioipa dunia neno hilo. Endelea kaskazini hadi Fondamenta della Misericordia, kula hapo, rudi taratibu.

Nimepotea, ni saa sita usiku, simu imezima.

Kwanza, uko salama zaidi kuliko unavyodhani. Hatari kubwa ni kudondoka mfereji usio na kizuizi, kwa hiyo usitembee haraka kwenye njia inayoelekea gizani. Tafuta kwenye kona, juu ya usawa wa kichwa, maandishi yaliyopakwa au vibao vya manjano: "Per Rialto", "Alla Ferrovia". Fuata kimoja bila kubadili nia. Ukitokea kwenye maji mapana, fuata ukingo hadi kituo cha boti. Boti ya usiku ina herufi N, hupita usiku kucha kwa kusubiriana, na kituo chenyewe kinaelea na kina benchi. Kaa. Kituo kitatikisika kidogo kabla hujasikia injini.